Mkaguzi wa Pikipiki Asiyejua Kuendesha

Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili nilipewa kazi ya kukagua pikipiki, na sikujua kuendesha pikipiki. Sikumdanganya mtu yeyote. Hakuna aliyeniuliza.

Hiyo ilikuwa Mahajanga, mji wa bandari wa Wamalagasi, miaka ya mwanzo baada ya uhuru, wakati kila meli iliyoondoka ilichukua Wafaransa kadhaa na kuacha viti vitupu maofisini. Mimi nilikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi ndogo ya ukaguzi wa vyombo vya barabarani. Kwa miaka miwili mkaguzi wetu Mfaransa alikuwa akiingia kutoka uani, mikono imejaa grisi, anasimama nyuma ya kiti changu na kusema matokeo, nami napiga: mnyororo umelegea, tairi la nyuma kipara, usukani unacheza, taa ya nyuma haiwaki, ekzosi imetoboka. Makosa ya pikipiki kuukuu si mengi kama watu wanavyofikiri. Ni yale yale, yanabadilisha mwenyewe tu. Nikayahifadhi kama mtoto wa chuo anavyohifadhi Juzuu Amma. Tofauti ni kwamba mtoto wa chuo huwa ameushika msahafu. Mimi usukani wa pikipiki, uwe unacheza au hauchezi, sikuwahi kuugusa.

Mfaransa alipofunga masanduku yake, mkuu wa ofisi aliniita. Alikuwa mtu mzima kutoka nyanda za juu, mtaratibu, mwenye kuvaa tai hata siku ambazo rangi ya ukutani ilikuwa inatoka jasho.

"Kazi hii unaijua?" aliniuliza.

"Naijua, bwana mkuu."

Akanikabidhi muhuri. Ndiyo yalikuwa mahojiano yote.

Mama alipopata habari alivaa leso mpya akaupita mtaa wetu wa Tanambao nyumba kwa nyumba. Sisi ni watu wa asili ya Ngazija, na habari kwetu haingoji chai iive. Nilimkuta kwa jirani wa nne, anasema, "Sasa mwanangu asiporuhusu, gari za serikali hazitembei."

"Mama, ni pikipiki," nikamwambia.

"Leo pikipiki," akajibu bila kunitazama. "Kesho meli."

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Pale Mahajanga nilikuwa na mwenzangu, dereva wa zamani, ambaye kazi yake ilikuwa kuzijaribu pikipiki barabarani. Mimi nilikagua zilizosimama. Nilipiga magoti, nikagonga kwa nyundo, nikavuta mnyororo, nikachungulia ndani ya taa, nikaandika. Nilianza hata kutembea kama yule Mfaransa, mikono nyuma. Halafu siku moja mkuu akaniambia kwamba watu wa kisiwa cha Nosy Be hawajakaguliwa tangu kabla ya uhuru, na kwamba nitakwenda peke yangu, siku nane. Nilitaka kusema jambo. Nilikwisha fungua mdomo. Lakini alikuwa ameshanipa tiketi ya meli, na mimi Nosy Be sijawahi kuiona, nikaufunga.

Kituo changu kilikuwa Dzamandzar, katika kiwanja kilicho kando ya kiwanda cha sukari. Kila kitu pale kilinuka molasi, mpaka fomu zangu. Kiwanja chenyewe kilikuwa na mteremko mdogo uliokwenda kuishia kwenye lundo la makapi ya miwa lenye urefu wa nyumba. Asubuhi ya kwanza nilikuta pikipiki zaidi ya thelathini zimepangwa mstari, na wenyewe wamesimama kando yake wamevaa nguo za Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumatatu.

Nimekagua maelfu ya pikipiki baada ya pale, lakini mstari ule sijauona tena. Nyingi ziliachwa na wasimamizi wa mashamba, na baadhi zilikuwa na umri kunizidi. Waya wa breki ulikuwa mshipi wa kuvulia papa. Tanki lililotoboka lilizibwa kwa sabuni ya kufulia. Ekzosi ilikuwa kopo la maziwa, na picha ya ng'ombe bado inaonekana. Tairi moja nililipiga nyundo likatoa sauti ya godoro. Mwenyewe akakiri kwamba mpira wa ndani ulikufa siku nyingi na sasa mle ndani mna makumbi ya nazi. Taa ya mbele ya mwingine ilikuwa kurunzi iliyofungwa kwa ukambaa, na akaniomba nifanye haraka kwa sababu ni kurunzi ya mkewe.

Kisha ikaja zamu ya mchinjaji, mtu mnene mwenye sauti.

"Honi iko wapi?" nikauliza.

"Ni mimi hapa."

"Wewe?"

Akavuta pumzi akapiga ukelele ambao uliwafanya kuku wa kiwanja kizima wapande ukutani. Nikaandika: honi, hakuna.

"Kwani hukusikia?" akauliza.

"Nimesikia."

"Basi andika umesikia."

Nilicheka hadi kalamu ikaanguka. Naona hapo ndipo niliposahau hofu yangu, na nisingesahau, pengine ningejiandaa. Maana sehemu ya mwisho ya fomu ilikuwa na mstari niliokuwa nimeupiga taipu mara elfu bila kuufikiria: *Breki, zimejaribiwa barabarani na mkaguzi.*

Nikabuni njia. Nilimwambia mchinjaji aendeshe yeye, mimi nikae nyuma.

"Ndio utaratibu mpya," nikasema. "Mkaguzi anakaa nyuma ili ausikilize mwili wa pikipiki."

Kwa kuwa mwaka ule kila kitu kilikuwa kipya, bendera mpya, stempu mpya, wimbo mpya wa taifa, hakuna aliyeshangaa. Siku nzima nilizungushwa kiwanjani nyuma ya migongo ya wanaume, macho nimeyafumba, na jioni nikajiona mtu hodari sana.

Asubuhi ya pili alikuja binti wa barafu.

Nilimsikia kabla ya kumwona, kwa sababu pikipiki yake ilikuwa inakohoa. Alikuwa rika langu au karibu, leso ameifunga juu ya suruali ya marehemu baba yake, ambaye alikuwa fundi kiwandani. Pikipiki ilikuwa ya baba huyohuyo. Nyuma yake, mahali ambapo abiria hukaa, palifungwa sanduku la mbao lililojaa mapande ya barafu yaliyofunikwa mapumba ya mpunga na magunia. Kila asubuhi alichukua barafu kwenye mashine ya kiwanda akaipeleka Andilana kwa wavuvi, ili samaki wasiharibike. Alipopita, ardhi ilibaki na mstari wa maji.

Tulizungumza Kimalagasi cha pwani ile, mimi nikichanganya na maneno ya Kingazija ya nyumbani. Kiswahili hiki nilikipata baadaye, ukubwani, Unguja. Lakini maneno yake nayakumbuka sawasawa.

"Bwana mkaguzi," alisema, "niombee radhi kwa hawa wenye zamu. Kila dakika ninayosimama hapa ni samaki mmoja."

Wanaume wakampisha. Nikapiga magoti. Mnyororo, umelegea. Usukani, unacheza. Spoki tatu za gurudumu la nyuma zimekatika na kufungwa kwa waya. Tairi kipara. Namba imepakwa kwa mkono na tarakimu moja imegeuka ikatazama upande mwingine. Nikafika kwenye breki.

"Panda," nikamwambia, "mimi nakaa nyuma."

"Nyuma kuna barafu."

Nikatazama nyuma. Kweli kulikuwa na barafu.

"Basi," nikasema, nikiandika, "breki mbovu."

Akanyoosha shingo akaisoma fomu. "Umejuaje? Hujaipanda."

"Inaonekana kwa macho."

"Ya mchinjaji jana hukuiona kwa macho. Ulizunguka naye mara tatu."

Na mchinjaji, aliyekuja kutazama tu, akasema kwa ile sauti yake, "Kweli! Mara tatu!"

Nikaipanda. Sijui nilidhani nini. Nadhani nilifikiri kwamba mtu anayejua majina ya vitu vyote hawezi kushindwa navyo. Nikapiga kiki mara moja, injini ikawaka, na furaha ya kuiona imewaka ikanifanya niachie mkono wa kushoto ghafla. Pikipiki ikaruka. Nilipita mbele ya wanaume thelathini nimekaa wima kama bwana harusi. Niliposhtuka nikakamata kwa nguvu kile nilichokuwa nimekiachia, kishikio cha mkono wa kushoto, na injini ikapiga yowe lakini gurudumu halikusimama, likaendelea kuteremka, taratibu kwanza, halafu si taratibu tena, nami nang'ang'ania, hadi lundo la makapi ya miwa likafunguka likanipokea mzima mzima.

Ndani ya makapi mlikuwa na giza, joto na utamu. Nilipotoka, nywele zangu zilikuwa nyeupe kwa vumbi la miwa. Sanduku lilikuwa limepasuka na mapande ya barafu yalikuwa yakiteleza kiwanja kizima, na watu wazima waliovaa nguo za Ijumaa walikuwa wakiyakimbiza, wengine wameshaanza kuyamumunya.

Nikajikung'uta. Nikasema, kwa sauti ya kiofisi, "Nilisema. Breki mbovu."

Binti wa barafu alikuwa amekaa chini. Nilidhani amezimia. Kumbe anacheka, kicheko kile kisichotoa sauti, machozi yanamtiririka. Alipopata pumzi alinijia akijifanya ananisaidia kuondoa makapi begani, akaninong'oneza: "Ulishika klachi, bwana mkaguzi. Breki iko kulia."

Nilitaka kuomba radhi kwa barafu.

"Acha barafu," akasema. "Hukuwahi kupanda kabisa?"

"Kabisa."

"Na unawapa watu vyeti?"

"Nimewapa kumi na tisa."

Akaanza kucheka tena, ikambidi ashike bega langu. Kisha akaniambia, bado kwa kunong'ona, kwamba kesho alfajiri atakuwa mwanzo wa njia ya Andilana, na shangazi yake atakuwepo, kwa hiyo nisije na mawazo mengine. "Barafu haitoki mpaka saa mbili," akasema. "Muda upo."

Shangazi alikuwepo kweli, chini ya mwavuli mweusi, juu ya kiti alichokuja nacho kutoka nyumbani. Kwa asubuhi tatu alikaa pale akichambua mchele na kutoa maoni.

"Mwanangu, usiipigie kelele, si punda," alisema. Na baadaye: "Binti yangu, mwambie afumbue macho."

Asubuhi ya kwanza nilianguka mara sita. Ya pili nilianguka mara moja, tena kwa sababu ya mbuzi. Ya tatu, sijui ni nini kilichobadilika, mkono wa kushoto uliachia polepole kama alivyonifundisha, mkono wa kulia ukaongeza, na barabara ikaanza kupita chini yangu yenyewe. Kushoto miwa, kulia milangilangi imechanua, na hewa ilinukia mpaka nikahisi kichwa chepesi. Nilikuwa naendesha! Na hapo, bila kutarajia, nikaanza kuyahisi. Ule mtetemo miguuni ulikuwa mnyororo uliolegea. Ile hali ya kwenda kama mlevi kila nilipopita jiwe ilikuwa usukani unaocheza. Zile spoki tatu zilinigonga makalioni, tik, tik, tik. Miaka miwili niliyapiga taipu maneno yale na sasa kila neno lilikuwa linanishika mwilini. Nikaanza kuyataja kwa sauti. "Mnyororo!" nilipiga kelele. "Usukani! Spoki! Spoki! Spoki!"

Wakata miwa walisimama wakanipungia mapanga. Nyuma nilimsikia binti anakimbia na kucheka, "Geuza! Geuza, utafika Andilana!"

Nilifika Andilana. Sikuwa nimefundishwa kugeuza.

Siku zilizobaki nilifanya kazi kama mwendawazimu. Niliwaita wote kumi na tisa niliowapa vyeti nikazijaribu pikipiki zao upya, mbele, nikiendesha mwenyewe. Saba hazikupita. Walinung'unika, nami nikawaambia ukweli nusu, kwamba utaratibu umebadilika tena. Mchinjaji akaja na honi ya mpira aliyoitoa sijui wapi, akaibonyeza, ikatoa sauti ya bata, na akanitazama kwa huzuni. "Ya kwanza ilikuwa bora," akasema.

Wakati huohuo binti wa barafu alikuwa ameirekebisha yake. Alikata pingili ya mnyororo, akakaza beringi za usukani, akaweka spoki mpya, akapata tairi, akaigeuza ile tarakimu. Siku ya saba aliileta kiwanjani, barafu ikiwa juu, shangazi nyuma yake kwa miguu. Niliipanda mbele ya watu wote. Iliwaka kwa kiki ya kwanza. Nilipanda mteremko, nikageuka, nikashuka, nikakanyaga breki ya nyuma.

Haikushika. Nilikamata ya mbele, nikasimama hatua mbili tu kutoka kwenye makapi.

Nikashuka nikafungua gurudumu. Maji ya barafu yalikuwa yakidondoka moja kwa moja ndani ya breki. Viatu vya breki vilikuwa vimelowa na ngoma vinayoibana ina kutu. Hata angebadilisha kila kitu, asubuhi ya kesho ingelowa tena. Kumbe siku ya kwanza, bila kujua nisemalo, nilikuwa nimesema kweli.

Nilitoa muhuri, nikaurudisha mfukoni. Alikuwa ananitazama, na alikuwa anatabasamu, kwa sababu alikuwa na hakika.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi nini?"

"Haisimami. Utateremka siku moja na watoto wa watu wapo barabarani."

Tabasamu likaondoka. "Nimekufundisha mimi."

"Ndiyo maana nimejua."

Shangazi akafunga mwavuli. "Yaani nimekaa juani siku tatu kwa ajili hii?"

Niliandika: haijapita, iletwe Mahajanga ikaguliwe upya. Aliichukua karatasi, akaikunja vipande vinne, akaisukuma pikipiki kwa miguu mpaka njiani. Barafu ilikuwa inadondoka. Kesho yake nilipanda meli, na safari nzima nilijiona mjinga mwenye haki.

Wiki tano baadaye nilikuwa ofisini napiga taipu mwenyewe, maana karani mpya hatukupewa, nikasikia kikohozi nilichokijua. Nilikimbilia dirishani. Binti wa barafu aliingia uani kutoka bandarini, mafuta ya meli bado yako kwenye leso, na nyuma yake, juu ya sanduku la barafu tupu, alikaa shangazi, mwavuli wazi.

"Nimeleta," akasema. Hata salamu hakutoa.

Chini ya sanduku alikuwa amepigilia sinia kubwa la bati, na kwenye kona ya sinia ametoboa tundu na kuingiza mpira mwembamba uliopeleka maji pembeni, mbali na gurudumu. Ngoma ya breki aliipiga msasa mpaka inang'aa. Alikuwa ameomba debe la maji bandarini, na sasa akalimimina lote sandukuni ili nione. Maji yalitoka kwenye mpira, yakaenda zake. Gurudumu lilibaki kavu.

Mkuu wa ofisi alikuwa ametoka kwenye kivuli cha mlango, tai imekaza. "Ijaribu," akaniambia.

Niliijaribu. Niliizungusha ile pikipiki uani, nikatoka nayo barabarani hadi ufukweni, nikarudi kwa kasi ambayo leo ningemnyima mtu cheti, na mbele ya mkuu nikakanyaga breki. Ikakaa papo hapo. Shangazi, ambaye sikumbuki aliketi nyuma saa ngapi, akanigonga kwa mwavuli.

Mkuu akanisogelea. "Umeanza lini kuendesha?"

Nikaona sasa basi. "Ijumaa moja, bwana mkuu. Nosy Be. Wiki tano zilizopita."

Hakucheka. Alihesabu kichwani, nilimwona anahesabu miezi yangu yote ya ukaguzi. Kisha akachukua kalamu akasaini cheti cha binti wa barafu kwa mkono wake, akairudisha kalamu mfukoni, akaingia ndani. Mlango ulipofungwa tulimsikia, na tukajua kwamba mtu yule naye anaweza kucheka, tena kwa muda mrefu.

Wageni wa meli hawawezi kuachwa bila chakula, kwa hiyo niliwapeleka Tanambao. Mama alikuwa ametoa mkate wa sinia kwenye moto. Aliwakaribisha, akamtazama binti, akanitazama mimi, akaitazama pikipiki. Hakuuliza lolote juu ya wawili wa kwanza.

"Hii ndiyo unayoiendesha?" akaniuliza.

"Hii ni ya mgeni, Mama. Imepita leo."

"Na mtu mzima anakaa wapi?"

Shangazi akamwonyesha, akamwazima na mwavuli. Nilimpandisha Mama juu ya sanduku, nikawasha, na tukautembea mtaa mzima. Alinipiga begani kila tulipofikia nyumba ya mtu anayemjua, nami nikasimama, naye akasalimia kutoka juu, taratibu, akiuliza hali za watoto mmoja mmoja, injini ikinguruma chini yake. Kwenye nyumba ya yule jirani wa nne alinitaka nizunguke mara mbili. Leso yake ilikuwa inapepea hadi usoni kwangu, na nilikuwa nacheka, na yeye alikuwa anacheka, na sikumbuki kama nilishawahi kumsikia akicheka vile.

Tuliporudi alishuka, akajipanga nguo, akarudisha mwavuli kwa mwenyewe. Akamwambia shangazi, "Dada yangu, ingia ndani tuzungumze." Kisha akatugeukia sisi wawili. "Ninyi kaeni nje."

Tulikaa barazani. Binti wa barafu alikuwa ameshika cheti chake, akikipepea ili wino ukauke, ingawa ulikuwa umekauka zamani.

"Bado nina hasira nawe," akasema.

"Najua."

"Kidogo."

Ndani tulisikia vikombe, na Mama akimwuliza shangazi huko Nosy Be maharusi huvalishwa kwa siku ngapi. Shangazi akajibu siku tatu. Mama akasema kwao ni saba. Wakaanza kubishana, kwa adabu, na sisi pale nje hatukuthubutu kutazamana.

Walikubaliana tano. Ndoa ilifungwa baada ya mfungo.